Do Mbili katika Wimbo Mmoja

Kila asubuhi kabla ya chai Wenceslas aligonga glasi kwa kijiko. Aliigonga mara moja tu, akaisogeza kwenye sikio la kulia, kisha haraka haraka akaipeleka kwenye la kushoto kabla mlio haujafa. Kuna siku mlio ulikuwa uleule pande zote mbili, na siku hiyo chai ilishuka vizuri. Kuna siku ulifika kushoto umeteremka kidogo, nusu ya nusu ya noti, na hapo hata mkate ulimkwama kooni. Mkewe Xavérine, aliyekuwa jikoni, alidhani anaitwa.

"Chai inakuya, Wence! Usinigongee glasi, mi si serveuse yako wa baa."

Hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Mwaka uliotangulia, mwezi wa pili, alikuwa akitoka Nyundo kwa baiskeli wakati kitu kilipolipuka kando ya barabara, upande wake wa kushoto, karibu kufika Rugerero. Aliinuka mzima, akajipangusa vumbi, akaanza kuitafuta kofia yake. Watu walimwambia ana bahati, na kweli alikuwa nayo, maana wapo ambao siku ile hawakuinuka. Sasa mtu aliyepona namna hiyo aende kwa nani kulalamika kwamba sikio lake moja linasikia noti chini ya mahali pake? Aliona haya. Akaacha kupiga kinanda cha harmonium kanisani, akasingizia magoti, na kwa kuwa alikuwa na miaka hamsini na tisa kila mtu aliyaamini magoti yake.

Mambo yangeishia hapo, na pengine angezeeka na siri yake, lau Mama Murekatete asingempitia nyumbani mwezi wa sita wa mwaka huo wa tisini na tisa. Huyu mama alikuwa amepewa kuisimamia hoteli moja ndogo ya kando ya ziwa hapo Gisenyi, iliyokuwa inapakwa rangi upya. Alitaka muziki wa Jumapili mchana. Si magitaa ya umeme ya kuwatoa watu roho, alisema, bali muziki wa kistaarabu, ule aliokuwa akiusikia akiwa msichana, amekaa ufukweni nje ya ukuta kwa sababu ndani hawakumruhusu.

"Ile ya Mubiligi, mzee, munaijua bado?"

"Tunaijua," Wenceslas alijibu, bila hata kumeza mate.

"Bon. Jumamosi ijayo, saa ine ya asubui, nitakuya kuwasikia."

Tunaijua! Hao "sisi" walikuwa wapi? Bendi ya zamani ilikuwa na watu wanane, saksafoni tatu, tarumbeta mbili, piano, besi na ngoma. Wengine walikufa mwaka ule ambao hakuna anayependa kuutaja, wengine walivuka mpaka na barua zao zikakoma. Aliyebaki Gisenyi ni yeye peke yake. Mdomo wake ulikuwa umemponza, na alilijua hilo kabla hata mama yule hajafika barabarani.

Na "Ile ya Mubiligi" si wimbo wa kurukiwa tu. Ulikuwa wimbo wa kale wa Kimarekani, wa swingi, uliofika mjini na sahani ya santuri iliyobanduka karatasi ya katikati, hivyo jina lake la kweli hakuna aliyelijua. Uliitwa hivyo kwa ajili ya Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye aliuomba kila Jumapili, kisha akakaa akimwangalia samaki wake kwenye sahani bila kumla mpaka wimbo uishe. Wenceslas alikuwa nao kichwani mzima, sauti zote nane. Kichwa hakikuwa na shida. Usiku na mchana kichwa kilisikia sawasawa, na ndiyo maana alithubutu.

Wapigaji aliwapata watatu. Besi kubwa ya kusimama alikuwa nayo Gakwaya, fundi seremala, Mkatoliki wa hapohapo mjini ambaye nusu ya ukoo wake ilikuwa Goma na ambaye aliitengeneza besi hiyo kwa mikono yake. Tarumbeta ilikuwa ya Jack, kijana karani wa mpakani aliyekulia Uganda katika bendi ya shule na kwaya ya Kianglikana. Saksafoni aliipiga Kampire, mwalimu wa shule ya msingi, aliyezaliwa na kukulia Karagwe upande wa Tanzania na kurudi na wazazi wake miaka minne nyuma. Ngoma hawakuwa nayo. Ukumbi waliazimwa na parokia moja mjini, na ndani yake mlikuwa na piano iliyochoka lakini iliyosimama bado.

Siku nne nzima Wenceslas alikaa kwenye meza ya kulia akiupanga wimbo. Kazi hii anayeijua ni yule aliyewahi kuifanya. Unayo nyumba ya watu wanane, unaambiwa wahamie wanne na pasionekane pengo. Saksafoni na tarumbeta aliwapa zile noti mbili ambazo ndizo roho ya kila kodi, lile fungu la noti zinazolia pamoja: ile ya tatu na ile ya saba. Mzizi, ile noti ya chini inayobeba nyingine, alimwachia Gakwaya, mapambo akayachukua mwenyewe kwenye piano. Kwa kuwa ngoma haikuwepo, besi ilibidi itembee bila kupumzika, na noti zote ziwe na ule mwendo wa swingi, ndefu na fupi, ndefu na fupi, mwendo wa mtu aliyeridhika na viatu vyake. Karatasi za muziki za mistari mitano hazikupatikana sokoni, na hata zingepatikana Gakwaya na Kampire wasingeweza kuzisoma. Basi aliandika kwa maneno kwenye daftari za shule: do, re, mi, fa, na juu ya kila daftari akaandika ufunguo wa wimbo kwa herufi kubwa na mstari chini yake: FA.

Alipomaliza aliyasoma yote kwa macho, akayasikia yote kichwani, na machozi yakamlenga kwa uzuri wake. Kisha akakumbuka kwamba Jumanne atayasikia kwa masikio, akazifunga daftari.

Jumanne alianza na Kampire na Jack peke yao, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, kwanza wanaopuliza, halafu wengine. Walipuliza vizuri. Walipatana wao kwa wao, walikuwa na mwendo, Jack alikuwa na sauti nzuri kuliko alivyotarajia. Ila Wenceslas aliwasikia juu. Juu mno, mahali ambapo wimbo haukai. Angeweza kubonyeza noti moja tu kwenye piano, akajua mbivu na mbichi. Hakubonyeza. Alikuwa na hofu ya mgonjwa anayepita mbali na zahanati ili asije akapimwa.

"Bon," alisema. "Sasa wote."

Loo! Kilichotoka hapo sijui nikiiteje. Piano na besi zilikwenda njia yao, tarumbeta na saksafoni njia yao, kila upande na furaha yake, kama harusi mbili zilizokutana kwenye daraja moja. Wenceslas aliendelea kupiga hadi mwisho kwa sababu vidole havikujua la kufanya lingine, kisha akainua uso na kuwatazama mmoja mmoja.

"Iko sawa?" aliuliza.

Jack aliangalia mdomo wa tarumbeta yake, akaupangusa. Kampire aliitupia piano jicho la pembeni.

"Sawa, mzee," alisema Jack.

"Ni sawa, mzee," alisema Kampire.

Gakwaya alitikisa kichwa kukubali, akawa anakaza waya ambao haukuwa umelegea.

Hapo ndipo roho ilipomtoka. Watu watatu wenye masikio mazima wamesema ni sawa. Anayesikia vurugu ni mmoja. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Hakufikiria kwamba vijana wawili waliofunzwa adabu hawawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yao, aliyepiga mbele ya mawaziri, kwamba wimbo wake unatisha. Wao walidhani piano imeoza, na kwamba mzee ameizoea tu. Kila mmoja alimhurumia mzee, na kila mmoja alinyamaza.

Jumatano ikawa vilevile, au mbaya zaidi, maana sasa aliisubiri vurugu. "Iko sawa?" "Sawa, mzee." Njiani kurudi nyumbani alisimama kando askari wapite, na alipojaribu kuusikia wimbo kichwani, pale ambapo siku zote ulikuwa salama, uliingiwa na ile vurugu ya ukumbini. Hilo lilimtisha kuliko yote. Sikio akilipoteza ni sikio. Kichwa kikienda nacho, atabaki nini? Xavérine alimwekea maharage na ndizi, akayachezea na kijiko.

"Una nini, Wence?"

"Magoti."

"Magoti inakataza mutu kula?"

Usiku huo aliamua kwamba kesho atawaambia waache, na atayatumia magoti hayohayo, maana aibu ya magoti inabebeka.

Alhamisi alifika ukumbini wa kwanza. Wenzake walipoingia hakufungua hata kifuniko cha piano. Alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bon. Watoto, mi nataka kusema kitu."

"Mzee, samahani, na mimi nilikuwa nataka kusema," Jack alimkatiza, na kwa jinsi alivyokuwa na adabu ilionekana wazi kwamba amefika mwisho wa uwezo wake. Midomo yake ilikuwa imevimba. "Usikasirike, mzee. Huu wimbo uko juu sana. Siku mbili hizi nimekwisha. Hiyo Do ya katikati ya wimbo, siifikii tena. Naomba unipunguzie."

Wenceslas alimtazama asimwelewe. "Do ya kati? Ile? Ile iko chini, Jack. Hata mutoto anaipiga."

"Iko juu, mzee."

"Piga nisikie."

Jack aliweka tarumbeta kwenye midomo yake mibovu, akakunja uso, akaitoa. Ilitoka imebanwa, nyembamba, juu kabisa. Wenceslas alifungua piano kabla hajakumbuka kuogopa. Kidole chake kilienda kwenye Do, sio. Kikapanda, Re, Mi, kikafika.

"Hiyo ni Fa," alisema taratibu.

"Ndiyo, mzee, ni Fa."

"Mi niliandika Do!"

"Ndiyo, Do." Jack alimwonyesha daftari kwa kidole. "Lakini hapa juu umeandika Fa. Kwa hiyo Do ni Fa."

"Do ni Do!"

"Do ni Fa, mzee," alisema Jack, akaanza kutoka jasho.

Kampire aliweka saksafoni kitini. Alikuwa na sauti ya darasani, ile ya kueleza jambo kwa mara ya tatu bila kukasirika. "Mzee Wenceslas, samahani. Sisi tulifundishwa kanisani kwamba Do ndiyo nyumba ya wimbo. Ufunguo ukiwa Fa, Do inakaa Fa. Ufunguo ukiwa Sol, Do inahamia Sol. Jack naye amefundishwa hivyohivyo."

"Inahama?"

"Inahama."

Wenceslas aliketi. Kwa mapadri waliomfundisha Nyundo, Do ilikuwa moja, imepigiliwa msumari mahali pake, kushoto kwa vitufe viwili vyeusi, na haikuwahi kumpita akilini kwamba kuna Wakristo wenzake wanaotembea nayo.

"Na we Gakwaya," aligeuka, "we Mukatoliki, siku mbili unasikia hii fujo, unanyamaza?"

"Vieux, mzee wangu, mi nilizani ndiyo jazz yenyewe," alisema Gakwaya.

Jack alikuwa wa kwanza kucheka, kisha hakuna aliyeweza kujizuia. Gakwaya aliegemea besi yake akifuta macho. "Donc hawa batoto bako na Do refuji!" alisema, halafu akanyamaza ghafla, maana neno lile la mkimbizi mjini humo lilikuwa halijapoa.

Kampire alimwangalia kidogo. "Ndiyo," alisema. "Na imerudi."

Wakacheka tena, na safari hii Wenceslas alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Hakuna aliyejua anachochekea. Sikio langu ni zima! alijiambia. Lilisikia juu kwa sababu ilikuwa juu! Lilisikia vurugu kwa sababu ilikuwa vurugu! Mwaka mzima na zaidi amejinyima kanisa, amejinyima usingizi, amemdanganya mkewe, kumbe ni woga tu. Alichukua kalamu, akafuta FA kwenye daftari la Jack na la Kampire, akaandika: DO NI DO. Neno moja likatengeneza wimbo mzima.

Walipiga. Na safari hii, jamani, ulikuwa wenyewe. Besi ilitembea, saksafoni na tarumbeta zikaegemeana, na zile noti mbilimbili zilizogawiwa watu wawili zikasikika kweli kama watu watano. Kina mama waliokuwa wakirudi kutoka Goma na mabeseni matupu walisimama dirishani. Wenceslas aliwaona Kampire na Jack wakitazamana kwa mshangao, kwa kuwa ndiyo kwanza walikuwa wanausikia wimbo waliokuwa wanaupiga tangu Jumanne. Alijawa na furaha.

Katika sehemu ya kati Jack, aliyekaa upande wake wa kushoto, alikuwa na noti moja ya kushikiliwa kwa muda mrefu, Mi, wakati wengine wakipita chini yake. Aliishika. Na Wenceslas aliisikia iko chini kidogo.

"Simama," alisema. "Jack, Mi iko chini. Ipandishe kidogo."

"Sawa, mzee."

Wakarudia. Jack aliipandisha. Bado chini. "Kidogo tena," Wenceslas alisema huku akipiga, na Jack akatii, akakaza midomo, akaipandisha tena. Sasa Wenceslas aliisikia tamu, mahali pake hasa. Akainua macho kuwaangalia wenzake wafurahi naye, akamwona Kampire amefinya uso, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali, kisha haraka akaurudisha ulivyokuwa.

Wenceslas aliondoa mkono wa kushoto kwenye piano, akaziba sikio la kushoto kwa kidole, kama anayejikuna.

Mi ya Jack ilikuwa juu. Iliwasha sikio la kulia. Aliondoa kidole, ikawa tamu. Aliziba tena, ikawasha.

Basi makosa yalikuwa mawili, na moja lilikuwa limekaa juu ya mwenzake. La Do lilikwisha, na hili sasa lilikuwa wazi, halina pa kujificha. Waliacha kupiga mmoja mmoja, wakamngoja.

"Sasa iko sawa, mzee?" Jack aliuliza.

Hili lingepita. Angesema sawa, na wangesema sawa. Jumamosi Mama Murekatete angesikia wimbo wa usichana wake, na Jumapili baada ya Jumapili kijana huyu mwenye sauti nzuri angepandisha noti zilizo sawa ziwe mbovu, kwa heshima, mpaka naye asijue tena zinapokaa. Wenceslas alimwangalia ile midomo iliyovimba.

"Irudishe pale ilikuwa mbele, pale pa mwanzo," alisema. "Ilikuwa muzuri. Mi iko mubaya."

Jack alichanganyikiwa. "Mi iko mbaya? Niirudishe au niishushe zaidi?"

"Hapana. Si Mi ya karatasi." Aligusa sikio lake la kushoto, kisha akaacha mkono umlalie kifuani. "Mi. Mi mutu. Mi Wenceslas."

Akawaambia. Hakuwaambia kirefu, barabara ya Nyundo, mlipuko, glasi na kijiko. Gakwaya alilaza besi sakafuni polepole, akaketi kando yake. Jack alikaa na tarumbeta mapajani, anaangalia mikono yake.

"Mulisema ni sawa," Wenceslas alisema, "siku mbili muzima. Na mi nilijua ni mi tu. Donc tangu leo mutaniambia. Kama iko mubaya, museme mubaya. Hata Jumamosi, hata mbele ya yule mama. Mi sina tena namna ya kujua."

Dirishani kina mama waliinua mabeseni yao, wakaondoka.

"Kweli, mzee?" aliuliza Kampire.

"Kweli."

Kampire alivuta pumzi. "Basi, mkono wako wa kushoto unachelewa. Kipimo cha tisa cha wimbo, kila mara. Tangu Jumanne."

Miaka thelathini hakuna mtu aliyemwambia Wenceslas neno kama hilo. Lilimuuma, tena liliuma vibaya, na alihisi uso wake ukipata moto mbele ya watoto wa juzi.

"Unachelewa sana?" aliuliza.

"Sana, vieux," alisema Gakwaya kutoka sakafuni.

Wenceslas alirudisha mikono yote miwili kwenye piano, akautazama wa kushoto kwa muda.

"Bon," alisema. "Kipimo cha tisa. Mwalimu, hesabu we."

Kampire akahesabu.